Nani Amlipe Mhudumu wa Kijiji?

Katika ahadi ambazo serikali za Afrika ya Mashariki zimezitoa mara nyingi na kuzitimiza kwa nadra, sioni iliyorudiwa kwa majina mengi zaidi kuliko ile ya kumpatia mkulima aishiye mbali na barabara mtu wa karibu wa kumtazama anapougua. Mtu huyo alikwisha kuitwa dresa, akaitwa msaidizi wa tiba, akaitwa mhudumu wa afya wa kijiji, na sasa katika nyaraka za Wizara ya Afya ya Tanzania ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Lakini kazi yake imebaki ile ile tangu enzi za Waingereza, nayo ni kuwa jicho, mkono na ulimi wa zahanati mahali ambapo zahanati yenyewe haifiki. Mimi si katika wale wanaouliza kama kazi hiyo yafaa, kwa maana swali hilo lilijibiwa zamani, tena katika pwani yetu hii, na jibu lake nitalieleza. Swali ambalo halijajibiwa hata leo, na ambalo limezika mipango kadhaa iliyokuwa na kheri nyingi ndani yake, ni dogo wala halina fahari: nani amlipe?

Mkaaji wa mjini aghalabu hupima masafa ya hospitali kwa kilomita, ilhali mkulima huyapima kwa msimu. Katika mabonde ya Rufiji na Kilombero, mvua za masika zinapokaza na mpunga unapokaribia kutoa masuke, jamaa nzima huhama kijijini ikaenda kuishi kondeni, ndani ya dungu lililoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini yake, wakakaa huko wiki nyingi wakiwinga ndege mchana na kufukuza nguruwe usiku; na huko ndiko mtoto anakoshikwa na homa, wakati zahanati, ambayo katika ramani ya wilaya imetiwa alama nzuri kando ya kijiji hicho, iko ng'ambo ya maji. Mtumbwi una mwenyewe, na mwenyewe hutaka nauli. Fedha ya mavuno yaliyopita imekwisha na ya mavuno yajayo ingali imesimama shambani. Malaria kali huweza kumwua mtoto mchanga katika siku moja au mbili tangu homa ianze, na nimonia, ambayo wazee wetu huijua kwa jina la kichomi, haina subira kubwa kuliko hiyo. Mtoto akipatwa na degedege usiku, mama humpeleka kwa mganga wa kienyeji, na wasomi wakisikia hayo hutikisa vichwa wakautaja ujinga. Lakini wangekaa kondeni msimu mmoja wangeona kwamba mganga ana sifa mbili ambazo tabibu wa serikali hana, kwanza yupo, na pili hukubali kungoja malipo hadi mpunga uvunwe, au kupokea kuku. Yeyote atakaye kushindana na mganga sharti aanze kwa kuwapo.

Basi mtu wa kijijini aliyemaliza darasa la saba au kidato cha nne, akafundishwa miezi michache, aweza kufanya nini palipo na maradhi yanayoua upesi hivyo? Na tutwae mfano wa hiyo nimonia. Mama humpakata mtoto, akamtuliza asilie wala asinyonye, akamfunua kifua. Mhudumu, saa yake mkononi, huhesabu kwa dakika nzima, si nusu dakika akaizidisha kwa mbili, kifua kimeinuka mara ngapi. Mtoto wa miezi miwili hata kukaribia mwaka akivuta pumzi mara 50 au zaidi katika dakika hiyo, na wa mwaka mmoja hadi mitano akivuta mara 40 au zaidi, huyo anapumua kwa kasi isiyo ya afya, na dawa ya nimonia ianze hapo hapo. Ikiwa nyama ya chini ya mbavu yabonyea ndani kila avutapo pumzi, shauri si la kijiji tena, ni la kupelekwa zahanati au hospitali saa hiyo hiyo. Na aliye chini ya miezi miwili, ambaye kipimo chake ni mara 60, hangojewi kabisa. Hakuna mashine katika jambo hilo, wala umeme, wala Kilatini. Kadhalika malaria hupimwa kwa tone la damu ya kidoleni na jibu hupatikana katika muda wa robo saa hivi, ndipo mgonjwa apewe dawa ya mseto. Mwenye kuhara hurudishiwa maji ya mwili kwa chumvi na sukari zilizopimwa, pamoja na vidonge vya zinki. Na mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano ambaye utepe uliozungushwa mkononi mwake waonyesha chini ya sentimita 11.5 hana haja ya daktari bingwa kumwambia mama yake kwamba njaa imemfika mahali pa hatari.

Kwamba elimu ndogo kama hii huokoa roho za watu, jambo hilo halikuachwa kuwa dhana. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 wahudumu wa vijiji katika wilaya ya Bagamoyo walifundishwa kuitambua nimonia, wakakabidhiwa vidonge vya kotrimoksazoli, wakapangiwa kupita nyumba kwa nyumba kila baada ya wiki kadhaa, wakiwafundisha akina mama dalili na kuwatibu watoto walioonekana nazo. Watafiti F. D. Mtango na D. Neuvians, waliotangaza matokeo ya kazi hiyo mwaka 1986, waliona kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka katika muda wa miaka miwili kutoka takriban 40 kwa kila 1,000 kwa mwaka hadi 29, yaani zaidi ya robo nzima ya vifo hivyo iliondoka. Msomaji apime ukubwa wa habari hiyo. Hapakujengwa hospitali mpya, wala hapakuletwa tabibu kutoka ng'ambo. Watu wa kijiji kile kile, waliokuwa wakilima mihogo na minazi kama jirani zao, walipewa ujuzi mmoja, dawa moja na ratiba ya kutembea, na vifo vikapungua kwa kiasi ambacho hospitali nyingi kubwa haziwezi kujidai kukifikia. Na Bagamoyo, tena, si pembe ya nchi. Ni mwendo mfupi kutoka Dar es Salaam. Ikiwa huko watoto walikuwa wakifa kwa kukosa kidonge cha senti chache, ya Liwale na Kibondo tusiyaulize.

Yapasa kusema pia kwamba fikra yenyewe si ya miaka hiyo. Katika miaka ya 1920 Dakta J. O. Shircore, mkuu wa idara ya tiba ya Tanganyika chini ya Waingereza, alianzisha utaratibu wa kuwachukua vijana kutoka makwao, kuwafundisha hospitalini kufunga vidonda na kutoa dawa nyepesi nyepesi, na kuwarudisha wakafungue vibanda vya dawa chini ya mamlaka za wenyeji. Hao ndio madresa ambao wazee wengi wa bara wangali wakiwasimulia. Madaktari wengi wa Kizungu waliwabeza, na hawakukosa sababu, kwa kuwa mafunzo yalikuwa haba na usimamizi haba zaidi. Nasi hatuna haja ya kuusifu utawala ule, uliokusanya kodi ya kichwa kwa nguvu kisha ukarudisha chembe yake kwa mgonjwa. Lakini katika jambo moja mpango wa Shircore ulikuwa umenyooka kuliko mingi iliyoufuata: dresa alijua mshahara wake watoka wapi. Ulitoka katika hazina ya mamlaka ya wenyeji, uliandikwa katika daftari, na ulipochelewa palikuwa na mlango wa kubisha.

Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Tanzania ilichagua njia ambayo nchi chache zilithubutu kuichagua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 TANU iliamua kwamba fedha ya afya ielekezwe vijijini kwanza, hospitali kubwa za mijini zikasubiri. Vituo vya afya vya vijijini, ambavyo wakati wa uhuru havikufika 30, vilizidi 200 ilipofika mwaka 1980, na zahanati nazo ziliongezeka sana. Kisha, mwaka 1973, ikafanyika kampeni ambayo kwa rai yangu haijapata mfano wake katika Afrika ya Mashariki yote, nayo ni Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki 12 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliwakusanya watu katika vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyefundishwa na kijitabu cha kusoma. Viongozi hao walikuwa 75,000 hivi, na watu wazima waliohudhuria walifika takriban milioni 2. Wengi wao hawakujua kusoma. Kiongozi alifungua redio chini ya mwembe au katika darasa la shule ya msingi watoto wakiisha kutoka, wakasikiliza habari za malaria, za kichocho, za safura, za kifua kikuu, kisha kiongozi akasoma kijitabu kwa sauti, wakajadiliana, na mwisho wakaamua watende nini: kufyeka majani yaliyozunguka nyumba, kufukia madimbwi, kuchemsha maji, kuchimba choo. Vyoo vilivyochimbwa katika msimu ule vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Ubora wa kampeni hiyo haukuwa katika nyimbo zake, ambazo ndizo zinazokumbukwa zaidi, bali katika ile sehemu ya mwisho ya mkutano, ambapo mtu mzima alitakiwa kusema mbele ya jirani zake atafanya nini kabla ya wiki ijayo. Kwa kuwa mwanadamu aweza kumdanganya bwana afya atokaye wilayani, lakini ni muhali kumdanganya mtu anayepita mbele ya ua wake kila asubuhi. Kasoro yake nayo ilikuwa katika jina la kampeni lenyewe, maana kampeni huisha. Wiki 12 zilipotimia redio ikarejea kwenye vipindi vyake, choo kikajaa au kikabomoka kwa mvua, na hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuuliza habari za choo hicho.

Ndipo pengo hilo likatakiwa lizibwe na mhudumu wa afya wa kijiji. Masharti yake, yasomwapo katika karatasi, hayana dosari: achaguliwe na kijiji chenyewe, afundishwe miezi kadhaa katika kituo cha afya, arudi na sanduku la dawa, na serikali ya kijiji imlipe kutoka mfuko wake. Ulimwengu mzima ulikuwa ukisema maneno hayo hayo, na mwezi Septemba 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, wajumbe wa serikali 134 waliyatia mhuri chini ya uongozi wa Halfdan Mahler wa Shirika la Afya Duniani. Lakini mfuko wa kijiji ulikuwa na nini? Halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972 na hazikurudi hata katikati ya miaka ya 1980. Mazao makuu yalinunuliwa na mamlaka za mazao kwa bei ambazo kijiji hakikuzipanga na kwa malipo ambayo mara nyingine yalikawia. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vikaila hazina, na madukani kukakosekana hata sabuni. Kumwambia mwenyekiti wa kijiji wa mwaka 1981 amlipe mhudumu wake kila mwezi kulikuwa ni kumtwika mtu asiyekuwa nacho deni la mwingine aliye nacho. Mhudumu akangoja mwezi, akangoja msimu, kisha akashika jembe.

Na sanduku lake nalo likawa tupu. Mwaka 1983, kwa msaada wa Denmark uliopitia UNICEF, ulianza mpango wa makasha ya dawa muhimu kwa zahanati na vituo vya afya, ambao uliwafaa wengi sana. Lakini makasha hayo yaliishia zahanati, na mhudumu wa kijiji, aliyekuwa nje ya mlango wa zahanati, alipata kilichosalia, na mara nyingi hakikusalia kitu. Mtu mwenye sanduku tupu hana heshima ya kumwambia jirani yake achimbe choo. Watu walimpita wakiendelea na safari yao ya zahanati, au wakarudi kwa mganga, na katika taarifa za wakati huo jambo hilo likaandikwa kwamba wahudumu "wameacha kazi", kana kwamba ni wao waliovunja mapatano.

Wapo wanaodhani kwamba maangamizo hayo yalitokana na udhaifu wa Tanzania peke yake, au wa siasa ya ujamaa. Hao nawaalika watazame Uchina, nchi yenye dola kali na hesabu kamili. Madaktari peku, waliotokana na agizo la Mao la mwaka 1965 alipoilaumu Wizara ya Afya kwa kuwahudumia watu wa mijini tu, walizidi milioni moja katika miaka ya 1970, wakasifiwa duniani kote. Lakini siri ya kudumu kwao haikuwa hotuba wala picha za ukutani, ilikuwa ni kwamba kila siku aliyomhudumia mgonjwa daktari peku aliandikiwa alama za kazi katika daftari la kikosi cha uzalishaji kama aliyelima mpunga, na alama hizo ziligeuka chakula na fedha wakati wa mavuno. Mageuzi ya baada ya mwaka 1978 yalipozivunja jumuiya za ushirika, daftari hilo likafungwa. Bima ya ushirika, iliyokuwa imevifikia vijiji tisa katika kila kumi, ilibaki katika chini ya kijiji kimoja katika kumi kufikia katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1985 jina lenyewe la daktari peku likafutwa rasmi. Waliobaki walijilipa kwa kuuza dawa, na muuza dawa, awe Mchina au Mdigo, huona maradhi yanayohitaji sindano mahali pengi. Watu walikuwa wale wale, ujuzi ni ule ule. Aliyeondoka ni mlipaji.

Yako maneno ya kujibu hapa, nayo si maneno mepesi, maana husemwa na watu wema. Husemwa kwamba ujira huua moyo wa kujitolea. Kwamba mhudumu akilipwa na serikali atageuka karani, aanze kumtazama aliye juu badala ya jirani yake. Na kwamba iko mifano ya watu waliodumu katika kazi hii bila mshahara. Mfano wanaoutaja mara nyingi ni wa Jamkhed, katika jimbo la Maharashtra huko Bara Hindi, ambako mume na mke, Rajanikant na Mabelle Arole, walianza mwaka 1970 kuwafundisha wanawake wa vijijini, wengi wao wa tabaka la chini na wasiojua kusoma, mpaka wanawake hao wakawa walimu wa vijiji vizima. Na ni kweli kwamba hawakutegemea mshahara wa kazi hiyo, bali walisaidiwa kupata riziki kwa njia nyingine, na kweli kwamba wengi walidumu miaka mingi. Mimi nauamini mfano huo na kuustahi. Lakini aliyeutazama vizuri ataona kilichowashikilia: kila wiki walikutana Jamkhed, wakajifunza, wakasimulia yaliyowapata, wakapata dawa, wakarudi, na waliowaita walikuwa watu wawili waliokaa hapo umri wao wote na kumjua kila mmoja kwa jina na kwa jina la mama yake. Hiyo ni baraka, na baraka haiandikwi katika bajeti wala haigawanywi kwa wilaya. Nchi haiwezi kujengwa juu ya matumaini kwamba katika kila kata watazaliwa akina Arole.

Tena sioni insafu katika kumhubiria kujitolea mtu aliye maskini kuliko wote katika mnyororo mzima wa huduma. Katibu mkuu hajitolei, mshauri kutoka ng'ambo hajitolei, dereva wa gari la wilaya hulipwa posho ya kulala nje. Ni huyu mama mwenye watoto wanne na shamba la eka mbili ndiye atakiwaye kutembea kutwa kwa ajili ya thawabu. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilipendekeza kwamba wahudumu wa jamii walipwe kwa kadiri ya kazi na saa zao, na kwamba malipo yao yasitegemee tuzo za utendaji peke yake.

Katika miaka ya karibuni swali la ujira lilipatiwa jibu la bandia, nalo ni mradi. Mradi wa UKIMWI ulimlipa mhudumu wake, wa kifua kikuu wake, wa lishe wake, kila mmoja na daftari lake, fulana yake na semina yake. Kijiji kimoja kikawa na wahudumu watano wasioulizana kitu, na mwenye kuhara, ambaye mwaka huo hakuwa na mfadhili, akakosa mwenyewe. Juu ya hayo, mradi una tarehe ya kufa tangu siku ya kuzaliwa. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake kwa amri ya siku moja, maelfu kwa maelfu ya wahudumu wa Afrika waliamka wakakuta kwamba aliyekuwa mwajiri wao hakuwa wilayani kwao wala katika taifa lao, bali katika jiji ambalo hawajapata kuliona, na kwamba hawakuwa na mtu wa kumdai.

Kwa hiyo nauangalia kwa hamu, na kwa hadhari pia, mpango ambao serikali ya Tanzania iliuzindua Dodoma mwezi Januari 2024. Hesabu yake ni ya kupendeza kwa jinsi ilivyo wazi: nchi ina vitongoji 64,384 na mitaa 4,263, kila kitongoji na kila mtaa wapewe wahudumu wawili, jumla 137,294 katika muda wa miaka mitano, nao waunganishe kazi zilizokuwa zimetapanywa na ile miradi. Nchi nyingine za kanda hii zimetangulia. Ethiopia, tangu mwaka 2003, imewaajiri wanawake zaidi ya 30,000 waliomaliza darasa la kumi, ikawafundisha mwaka mzima na kuwaweka wawili wawili katika kila kata ndogo kwa mshahara wa serikali; na nchi hiyo iliwahi lengo la dunia la kupunguza vifo vya watoto kwa theluthi mbili kabla ya mwaka 2015 uliokusudiwa, jambo ambalo haliwezi kunasibishwa na wahudumu hao peke yao wala haliwezi kuelezwa bila wao. Kenya iliwazindua rasmi na kuwagawia mikoba ya vifaa wahudumu wapatao 100,000 mwezi Septemba 2023, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Na mgawanyo huo wa nusu kwa nusu, ambao mezani huonekana kuwa wa haki, ndio uliozaa malalamiko, kwa kuwa malipo yenye wazazi wawili hukwama, kila mzazi akimngojea mwenzake.

Husemwa kwamba Tanzania haina uwezo. Tufanye hesabu, kwa mfano tu, bila kudai kwamba ndicho kiwango kilichowekwa. Kila mhudumu akilipwa shilingi 100,000 kwa mwezi, wahudumu wote 137,294 watahitaji shilingi bilioni 165 kasoro kidogo kwa mwaka. Bajeti ya taifa ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Basi ujira huo ni thuluthi moja ya asilimia moja ya bajeti, na hata ukiongezwa maradufu haufiki asilimia moja. Fedha hiyo si ndogo, lakini si ya kuangamiza dola. Ni fedha ambayo serikali huipata kila itakapo kujenga jambo linaloonekana kutoka barabarani. Shida ya mhudumu ni kwamba kazi yake njema haionekani. Mtoto ambaye hakufa hafunguliwi kwa utepe na mgeni rasmi.

Rai yangu ni kwamba ujira ulipwe na hazina kuu, moja kwa moja hadi kwa mhudumu, kwa simu yake, bila kupitia mfuko wa kijiji wala kugawanywa kati ya ngazi mbili. Uchaguzi, kwa upande wake, ubaki kwa mkutano mkuu wa kijiji, na haki ya kumwondoa pia, ili asije akawa yule karani aliyehofiwa. Na yeyote anayejua jinsi mikutano hiyo inavyoendeshwa atakubali kwamba hilo litahitaji ulinzi, maana mwenyekiti ana mpwa asiye na kazi, na mpwa huyo ana cheti. Usimamizi uwe wa mganga mfawidhi wa zahanati, ambaye naye apewe siku na nauli ya kuutekeleza, si kuandikiwa tu kwamba ni wajibu wake. Na dawa za mhudumu ziagizwe Bohari ya Dawa katika fomu ile ile ya zahanati, zikiwa na mstari wake, zisiwe sadaka ya kilichosalia. Lililo zito kuliko yote haya ni la kwanza. Wahudumu wa Bagamoyo walifaulu kwa kuwa katika miaka ile ya utafiti walikuwa na ujuzi, dawa na msimamizi aliyepita kuwauliza, na vitu hivyo vitatu havikai mahali ambapo mtu mwenyewe amekwenda kutafuta kibarua.

Miaka mitano ya mpango huu itakwisha mwaka 2028 au baada yake kidogo, na wakati huo ndipo fedha ya mwanzo ya wafadhili itakapokuwa imepungua na shauku ya uzinduzi imepoa. Wewe msomaji uliye diwani, au uliye mjumbe wa baraza linalopokea makadirio ya wilaya yako, nakuomba mwaka huu, kabla ya kunyoosha mkono kukubali, uufungue ukurasa wa afya na kutafuta kifungu chenye ujira wa wahudumu wa vitongoji, utazame chanzo chake cha fedha, na ikiwa chanzo hicho ni mradi, umwulize mkurugenzi mbele ya kikao ni nani atakayewalipa mwaka utakaofuata kufungwa kwake, na jibu lake liandikwe katika kumbukumbu.